Msoma Maji wa Taganrog

Kwanza niuondoe uongo mmoja njiani. Hapa mjini kwetu Taganrog ukitaja siku ile ndege kubwa ya majini ilipotaka kuvunjika ghubani, watu wazima na akili zao watakuambia kisa chake kilikuwa mwanamke mmoja mroho aliyekwenda kuokota samaki mahali palipokatazwa. Wamelisema hilo miaka thelathini sasa. Nimelisikia kwenye foleni ya mkate, nimelisikia msibani, na mara moja daktari wa meno alinisimulia mkono wake ukiwa kinywani mwangu, nikashindwa hata kumjibu. Mwanamke huyo alikuwa Glafira Tikhonovna Bezugla. Mimi naitwa Rimma, nilikuwa mtu wa simu na redio pale gatini, na nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu haya mawili.

Glafira alizaliwa kwenye vibanda vya wavuvi magharibi mwa mji, akaolewa hapo hapo, mumewe akachukuliwa vitani, na kilichorudi ni karatasi yenye mhuri. Hakuolewa tena. Vita vilipokwisha, kiwanda chetu cha ndege za majini kikamwajiri kusoma maji. Kulikuwa na nguzo yenye mistari myeupe na myekundu, imesimikwa mbali ghubani, na kila saa yeye alitoka na darubini, akaitazama, akaandika daftarini maji yamefika mstari wa ngapi. Utasema hiyo ni kazi ya mvivu. Ngoja kwanza.

Bahari yetu ya Azov ni sahani tu. Upepo ukivuma kutoka chini, magharibi, maji yanajaa mpaka kwenye viazi vya watu. Ukivuma kutoka juu, upande wa mto Don, maji yanaondoka. Sisemi yanapungua, jamani, yanaondoka, yanakwenda zao, na pale ulipoogelea asubuhi alasiri unapita na viatu. Siku kama hiyo wanawake wa mji hukunja sketi, hushika ndoo na kukimbilia topeni kuokota samaki waliosahaulika. Hata mimi nimekwenda, sioni haya. Sasa chukua ndege yenye tumbo la mashua, isiyo na magurudumu ya kutulia, uitue juu ya sahani hiyo wakati maji yamekwenda matembezini. Ndiyo maana Glafira aliajiriwa.

Aliijua bahari ile kama mke anavyomjua mume mlevi, na aliisema vivyo hivyo. Ungemkuta peke yake kwenye ngazi za gati, mikono kiunoni: “Unakwenda wapi wewe, mpuuzi? Jana umeondoka, leo tena? Huna kwako?” Wapita njia walicheka. Mimi nilimwita Shangazi Glasha, kwa sababu nilipofika pale nina miaka ishirini, sina mtu, yeye ndiye aliyenionyesha choo kiko wapi, supu nzuri inauzwa wapi, na nani kati ya mafundi ana mikono mirefu. Alikuwa mkali. Ukiingia kwake na tope miguuni alikurudisha nje kama kuku. Lakini hukutoka kwake na njaa.

Mwaka 1954 kiwanda kilitoa ndege ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Mabawa yamekunjwa juu kama ya shakwe, injini mbili zimepachikwa huko huko juu zisilowe, na chini tumbo, Mungu wangu, tumbo! Ubavuni palifunguka mlango, lori zima la jeshi likaingia na dereva wake. Jina lake lilikuwa namba, tena namba ya siri, siri ambayo kila muuza mbegu za alizeti stesheni aliijua. Sisi tulimwita Mjamzito. Mkuu wa majaribio, Rodion Kuzmich, alikuwa akitusikia anawaka.

“Ni chombo cha kijeshi cha kubebea mizigo!”

“Ndiyo, Rodion Kuzmich,” tunajibu, “na miezi yake inakaribia.”

Mwezi wa nne wa mwaka huo Glafira alikosea. Wakubwa walikuwa wamekuja kutoka Moscow kumwona Mjamzito akipaa. Asubuhi upepo wa juu ukaanza, Glafira akasema maji yataondoka kabla ya saa sita, msimtie majini. Rodion Kuzmich alimwamini, akaahirisha. Ala! Saa tano upepo ukageuka, maji yakabaki pale pale, yametulia, yanang'aa, na majenerali wakarudi na treni ya jioni bila kuona kitu. Rodion Kuzmich alipewa onyo kali. Haikupita muda akaja mhandisi kutoka Leningrad na mashine ndani ya sanduku la kijani. Sindano inachora mstari juu ya karatasi inayozunguka, maji yakipanda inapanda, yakishuka inashuka. Wakaifunga kwenye bwawa tunamoteremshia ndege, karibu, isisumbue kuifikia. Rodion Kuzmich akatia saini ya kuipokea. Nguzo ya ghubani ikafutwa, na kazi ya Glafira ikawa kubadilisha karatasi.

Alibadilisha karatasi. Na kila saa akaendelea kutoka na darubini yake.

Oktoba wakubwa wakarudi. Asubuhi ya majaribio maji yalikuwa mazuri, hata Glafira alikubali. Saa nne Mjamzito akapaa na lori tumboni na watu saba ndani, nahodha akiwa Zakhar Luchko, mtu mrefu, mpole, anayevuta sigara kwa kuificha kiganjani. Walitakiwa kuzunguka saa nne hewani kisha watue mbele ya wageni. Saa tano upepo wa juu ukaanza. Saa saba na dakika chache Glafira akapanda ngazi kwa vishindo, akapita chumbani kwangu bila kunitazama, akaingia kwa mkuu. Mlango wa kati haukufungwa kamwe, kwa sababu Rodion Kuzmich alipenda kuniita kwa sauti, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

“Rodion Kuzmich, maji yanaondoka.”

“Hata salamu hakuna?”

“Salamu baadaye. Nguzo ya nje imebaki mistari minne tu.”

“Nguzo ya nje tuliifuta.”

“Mmeifuta kwenye karatasi. Kule bado imesimama.”

Nikasikia akiifungua karatasi ya mashine mezani. “Tazama mwenyewe. Mita mbili na sentimita themanini. Tangu asubuhi haijatikisika.”

“Si ndiyo nakwambia! Lini bahari hii imewahi kukaa saa tatu bila kutikisika? Mashine yako inapima bwawa. Fungu la mchanga limekua mdomoni mwa bwawa kiangazi chote, maji yakishuka linaziba, sasa maji ya ndani yamefungiwa zizini, ya nje yamekwenda zao.”

“Nikitazama dirishani naona maji mpaka macho yanapoishia.”

“Unaona tope limelowa, linang'aa kwa jua. Wanawake wa kwetu wamepita sasa hivi na ndoo. Motrya amepita, na goti lake lile bovu. Yule hatoki nyumbani bure.”

Mle ndani alikuwamo kanali mmoja wa wageni. Alicheka kwa adabu, akasema, “Kwa hiyo, komredi mkuu, hapa kwenu ndege hutua kwa ruhusa ya wanawake wenye ndoo?”

Basi, yakaishia hapo. Laiti angenyamaza yule kanali! Rodion Kuzmich hakuwa mtu mbaya, nasema tena hakuwa mbaya, lakini mtu aliyechekwa mwezi wa nne hataki kuchekwa tena mwezi wa kumi. Akasema kwa sauti ya ofisini, “Raia Bezugla, rudi kwenye karatasi zako. Ukifungua mdomo tena leo, kesho usije.”

Glafira akatoka, akasimama mbele ya meza yangu. Kipaza sauti cha redio kilikuwa pale, shibiri mbili kutoka mkononi mwake. Ukutani juu yake palibandikwa amri: atakayesema hewani bila idhini ya mkuu atashtakiwa. Mwaka ule neno kushtakiwa halikuwa la mchezo. Tulijua majirani walioshtakiwa, na tulijua vitanda vyao vimelaliwa na nani sasa.

“Rimma, mwanangu,” akasema polepole, “niunganishe na Zakhar. Maneno manne tu. Maji hakuna, nenda magharibi.”

Nikatikisa kichwa.

“Basi sema wewe. Utasema mkuu ameagiza.”

“Siwezi, Shangazi.”

“Wako saba mle.”

“Siwezi. Watanifunga.”

Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani mwangu, sikupunguza. Hakunikasirikia. Angenizaba kofi ningeshukuru. Alinitazama kidogo, akasema, “Haya,” akachukua koti lake msumarini. Nilimsikia akishuka ngazi, kisha nikasikia mlango wa stoo wanamotunza buti za mpira zinazofika kiunoni, zile za mafundi wanaoingia majini kumvalisha Mjamzito magurudumu ya kumpandishia ufukweni.

Nikadhani anakwenda kuitazama nguzo yake. Baadaye kidogo nikachukua darubini, nikamwona. Alikuwa ameuacha ufuko nyuma kabisa, anatembea moja kwa moja kuelekea ghubani, kwenye njia ya kutulia ndege, ile iliyowekewa maboya mekundu pande zote mbili. Maboya yenyewe yalikuwa yamelala ubavu, lakini kwa mbali yalionekana kama yanaelea. Tope la Azov si tope la kuchezea. Linakushika mguu, ukiuvuta huu linashika ule. Mara mbili alianguka, mara mbili akainuka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nilijua anafanya nini, na bado mkono wangu ulikaa mapajani. Ningeweza kumwita mkuu aje aone. Niliogopa hata kumwita mkuu.

Saa nane kasoro dakika chache, sauti ya Zakhar ikaingia chumbani, imetulia: anashuka, anaomba hali ya maji. Rodion Kuzmich akaja mwenyewe, akainama kwenye kipaza sauti. “Mita mbili themanini. Tua.” Wageni walikuwa wameshatoka nje kwenye gati, kofia mikononi kwa sababu ya upepo.

Mjamzito akatokea upande wa jua. Alishuka taratibu, mzito, tumbo likitafuta maji. Kule Glafira alikuwa amefika katikati ya njia. Akageuka akamkabili, akanyoosha mikono yote miwili, akabaki hivyo. Maji yalimfika magotini. Hapo ndipo mtu yeyote mwenye macho angeweza kusoma kina, hata akiwa hewani, hata tope liking'aa kiasi gani, maana mtu mzima ni kipimo ambacho kila mmoja wetu anakijua.

“Kuna mtu!” Zakhar alipiga kelele mpaka spika ikakwaruza. “Kuna mtu njiani! Amesimama! Amesimama, maji magotini!”

Injini zikanguruma. Mjamzito akainua pua, akampita juu ya kichwa, chini chini hivi kwamba upepo wake ulimpiga Glafira akalala chali topeni. Lori lile lote tumboni, na watu saba, wakapanda, wakapanda kwa shida, wakapanda. Rodion Kuzmich alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu, mweupe kama karatasi. Zakhar akauliza mara mbili afanye nini. Mwishowe mkuu akaninong'oneza, “Mwambie aende magharibi, kwenye kina,” na mimi, kwa kuwa sasa nilikuwa na idhini, nikasema kwa sauti nzuri tu, safi, kama mtangazaji: “Nenda magharibi, kuna kina. Taratibu. Tuko pamoja nawe.” Alitua salama kilomita sabini kutoka kwetu.

Rodion Kuzmich alituma mtu na mti wa kupimia. Sentimita arobaini. Ndege ile ilihitaji mita mbili na nusu. Mkuu akakaa kwenye ngazi, mbele ya watu, akashika kichwa.

Glafira alirudi mwenyewe, tope mpaka kwenye nywele. Hakuna aliyemkimbilia na blanketi. Na mimi? Nilibaki kwenye redio yangu.

Jioni ile ile, kabla giza halijaingia, mkuu alikuja na karatasi chumbani kwangu, akamwita Glafira, akafunga mlango. Alikuwa amelia, ilionekana.

“Glafira Tikhonovna,” akasema, na safari hii alimwita kwa heshima, kwa jina lake na la babake, “mashine nimeipokea mimi, kwa saini yangu. Wakijua mashine ilisema maji yapo, na wewe ulinionya, watasema nimefanya makusudi. Unajua watanipeleka wapi. Yule kanali atanyamaza, naye alicheka. Nina mama mgonjwa.”

“Sasa unataka nini?”

“Tuandike kwamba raia mmoja aliingia eneo lililokatazwa kuokota samaki. Nahodha akamwona, akaahirisha kutua. Basi. Utatolewa kazini tu, zaidi ya hapo nitakukinga. Naapa.”

Nilidhani atamtemea mate. Yeye akapangusa tope kwenye kope kwa ukucha. “Hiyo mashine utaitoa bwawani,” akasema. “Wiki hii. Utaifunga nje, kwenye nguzo yangu.”

“Nitaifunga.”

“Lete kalamu.”

Aliwekewa hata ndoo katika karatasi ile. Ndoo yenye samaki. Niliichapa mimi.

Mashine ilihamishwa, hilo Rodion Kuzmich alilitimiza, na tangu hapo hakuna ndege ya kwetu iliyotua penye tope. Glafira akapata kazi kiwanda cha samaki wa makopo, akisimama siku nzima kwenye maji ya baridi na kisu mkononi. Mtaani wakaanza kumwita Bibi Ndoo. Watoto walimgongea masufuria akipita. Aliwafokea kama alivyoifokea bahari, hakusema neno la ziada. Na mimi kila Jumapili nilikwenda kwake. Nilibeba mkate, nilibeba sukari, nilimsugulia sakafu. Hatukuzungumza habari ile hata mara moja.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata, tulikuwa uani, yeye anapaa samaki, mimi nakoroga jamu ya aprikoti, mara lango likalia. Alikuwa Zakhar Luchko, amevaa sare mpya, ana sanduku kwapani.

“Rimma! Nimekutafuta gatini, wameniambia unashinda huku. Nahamishwa kaskazini, nimekuja kuaga.” Akamwinamia Glafira kwa heshima. Hakumjua. Angemjuaje? Gatini marubani hawakupita chumba cha karatasi. “Hujambo, mama.”

“Sijambo, baba. Kaa, ujipoze.” Akamletea bilauri ya kvasi, kile kinywaji cha mkate uliochachushwa, ya baridi kutoka pishini. Zakhar akanywa yote kwa mkupuo mmoja.

“Mama, wewe ni mtu wa mtaa huu?”

“Nimezaliwa nyumba ile pale.”

“Basi nikuombe kitu. Waambie wanawake wenu waache mchezo wa kuingia ghubani. Oktoba iliyopita mmoja alisimama juu ya fungu la mchanga katikati ya njia yangu, na ndoo yake. Nina watu sita nyuma yangu, nina lori tumboni, na yeye anafikiria samaki wa kukaanga! Nilibakiza kidogo nimkate kichwa. Mpaka leo naota yule mama.”

“Alikuwa na ndoo?” Glafira akauliza.

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Wewe uliiona?”

Zakhar akaweka bilauri chini. “Mimi niliona mikono,” akasema. “Alikuwa ameinyoosha, hivi.” Akainyoosha yake, akabaki nayo hivyo pale uani, kipaji cha uso kimejikunja, kama mtu anayetaka kukumbuka jina la mtu. Nikaacha kukoroga. Nikasema sasa, sasa anaelewa.

“Nitawaambia wanawake, baba,” Glafira akasema upesi. “Na wale sita, wazima?”

Zakhar akashusha mikono. “Wazima wote. Fundi wetu wa injini amepata mapacha, wa kike.”

“Mapacha!” Glafira akacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu vuli. “Maskini mama yao.”

Kisha Zakhar akanigeukia, akanipa sanduku. Lilikuwa la chokoleti, kubwa, lenye utepe. “Hili ni lako. Siku ile sikuona mbele. Uliposema nenda magharibi, kuna kina, sauti yako ilinishika. Nimemwambia mke wangu, yule binti wa redio ndiye aliyetuokoa. Sanduku amelichagua yeye.”

Nilikuwa na nafasi yangu. Sentensi moja ingetosha: siye mimi, ni huyu hapa. Lakini baada ya sentensi hiyo angeniuliza ya pili: na wewe ulikuwa wapi, uliyekuwa na redio? Nikamtazama Glafira. Aliinamia samaki wake, anapaa magamba, hakuinua macho, hakunisaidia wala hakunizuia.

“Ah, si kitu,” nikasema. “Ni kazi tu.” Nikalipokea sanduku kwa mikono miwili.

Alipokwisha kwenda, Glafira akanawa mikono kwenye pipa, akajipangusa kwa aproni, akakaa mkabala nami.

“Haya, lifungue basi,” akasema. “Chai iko tayari.”

Nililia mpaka chai ikapoa, naye hakuniuliza ninalilia nini.